Shangazi, binti niliyempokea kazini ndiye atakayenifundisha Alhamisi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata hapa Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mwanaume wa miaka 47. Nimeingia darasani tangu 2005, na masomo yangu ni yale yale siku zote: bukukipingi, yaani utunzaji wa hesabu za biashara, na komasi, yaani biashara. Sijawahi kuchelewesha azimio la kazi, na wadhibiti ubora wakija nawapa mafaili bila kutafutatafuta. Nakueleza haya usije ukadhani unaandikiwa na mvivu.

Zamani wanafunzi wangu walikuwa wachache, waliochagua wenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa na 18 tu, na kila mmoja alijua amefuata nini. Mtaala mpya ulipokuja, Elimu ya Biashara ikawa ya kila mtoto anayeingia kidato cha kwanza. Sasa nina mikondo minne iliyofurika. Vipindi havinitoshi, kwa hiyo mwalimu wa Historia ameombwa anisaidie. Juzi kaandika ubaoni "Dr", kifupi cha debiti, yaani upande wa kushoto wa akaunti; mtoto akauliza kama huyo ni daktari, na mwenzangu naye akanijia stafu kuniuliza swali hilo hilo.

Sasa kilichonifanya niandike. Ilikuja nafasi moja ya semina ya mtaala mpya. Mimi ndiye mkuu wa idara, nikajua ni yangu. Mkuu wa shule akampeleka binti mmoja wa idara yangu, ana miaka miwili tu kazini. Shangazi, binti huyu nilimpokea mimi stendi na begi lake, nikamtafutia chumba Mwanga, nikamwelekeza namna ya kujaza shajara ya somo. Karudi na muhtasari mpya kwenye simu, na Alhamisi ijayo kwenye kipindi cha MEWAKA, yale mafunzo yetu ya walimu hapa shuleni, yeye ndiye atakayetufundisha. Mimi nikiwa nimekaa kwenye dawati!

Wenzangu wanasema nalilia posho. Sikatai kwamba posho ingenifaa, lakini kinachoniuma si hicho.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nilikuwa kidato cha pili nafundisha mauzo ya taslimu na mauzo ya mkopo. Kijana mmoja ambaye mama yake anauza dagaa Kibirizi akanyoosha mkono: "Mwalimu, wateja wa mama wa Dar wanalipa kwa lipa namba. Siyo taslimu, siyo mkopo. Akihamisha anakatwa. Yale makato tunayaandika wapi?" Nikamjibu, "Hilo haliko kwenye silabasi, tuendelee." Akakaa. Darasa zima likanyamaza, nami nikageukia ubao maana sikutaka waone uso wangu.

Nikaenda nyumbani nikafungua kaunta buku langu la kwaya tatu, lile nililolivika gazeti. Mfano wa kwanza ni bwana Juma anayeanza biashara kwa mtaji wa shilingi 50,000 na kununua mashine ya kupigia chapa. Kurasa za mbele VAT ni asilimia 20. Nimekuwa nikiisoma 18 kwa mdomo miaka yote hii bila kuifuta ile ya kwenye karatasi.

Nimefikiria kuomba ruhusa Alhamisi nikasingizia kliniki. Nifanye nini, Shangazi? Na mtu wa umri wangu, asiyepelekwa semina na asiye na hela ya kozi, anaanzia wapi kujifunza upya somo ambalo kila mtu anadhani analijua?

Ni mimi,
Mwalimu wa Kaunta Buku, Kigoma

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Habari ya semina nimeipita kidogo, nitairudia. Nimekwama kwa yule mtoto wa Kibirizi, kwa sababu swali lake ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani, na jibu lake unalo. Unalo tangu 2005, Mwalimu.

Tuseme mama yake kauza dagaa wa shilingi 200,000 na mteja kalipa kwa lipa namba. Siku akihamisha zile pesa anakatwa, tuseme, 1,000. Fungua akaunti ya pesa za simu kama unavyofungua ya benki. Siku ya mauzo: debiti (kushoto) akaunti ya simu 200,000, krediti (kulia) mauzo 200,000. Siku ya makato: debiti gharama za miamala 1,000, krediti akaunti ya simu 1,000. Kwisha. Ni makato ya benki yale yale uliyokuwa ukiwafundisha watoto kuyatafuta kwenye ulinganisho wa daftari la benki na taarifa ya benki, yamevaa shati jipya. Mtoto akiandika mauzo 199,000, hapo ndipo umrudishe, maana gharama itakuwa imefichwa ndani ya mauzo na mama hatajua kwa mwaka mzima amelipia miamala kiasi gani.

Unaona basi. Ulikijua kitu, jina lake ndilo lilikupita. Debiti na krediti hazijahama tangu yule mtawa Luca Pacioli alipozichapisha kule Venice mwaka 1494. Vinavyohama ni majina, vyombo vya kulipia, viwango vya kodi, na watoto walioko mbele yako. Hivyo vinne ndivyo usivyovifuatilia, na wala hukuvifuatilia kwa sababu hakuna aliyekulazimisha.

Nakuambia hivi nikiwa sina haki ya kukucheka. Mimi mwenyewe nilishika chaki ya somo hili miaka mingi kabla ya kustaafu. Julai 1998 VAT ilipoingia kuchukua nafasi ya kodi ya mauzo, niliendelea kufundisha kodi ya mauzo mpaka mwaka uliofuata. Nilikuwa na nukuu nzuri, zimepigwa mistari kwa wino mwekundu, sikutaka kuziharibu. Siku moja mzazi mwenye duka la vifaa vya ujenzi akaja shuleni na daftari la mwanawe, akanikuta chini ya mwembe, akaniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, hii kodi mnalipa wapi? Mimi sijaiona mwaka mzima." Adabu yake ndiyo iliyoniua. Kwa hiyo ile 20 yako, ambayo ilishuka kuwa 18 Julai 2009, naielewa kabisa. Ifute leo kwa kalamu, usingoje kununua kaunta buku jipya.

Ukiwa na kalamu mkononi, kuna mengine. Ile mizania, balansi shiti yetu, kwenye viwango vya kimataifa vya uhasibu inaitwa taarifa ya hali ya kifedha. Badiliko hilo lilitolewa 2007 likaanza kutumika Januari 2009, na nchi yetu ilikuwa imeshaanza kufuata viwango hivyo kupitia NBAA, bodi ya wahasibu, tangu Julai 2004. Kiwango chenyewe hakikumkataza mtu kutumia jina la zamani, kwa hiyo usimkate mtoto alama kwa sababu ya jina. Lakini akiingia ofisini akutane na jina jipya asilolijua, lawama ni yako. Tena usidhani yameishia hapo: Aprili 2024 kimetolewa kiwango kingine, IFRS 18, kitakachoanza Januari 2027, na kitapanga upya namna faida inavyoonyeshwa hatua kwa hatua. Watoto wa kidato cha kwanza hawatakutana nacho moja kwa moja, ila mwalimu wao asikisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwanafunzi aliyerudi likizo kutoka chuo.

Sasa binti.

Nitasema kitu ambacho hutakipenda. Mkuu wa shule huenda alikosea kutokukuita akakueleza, na hilo una haki ya kumwambia, faragha, kwa sauti ya chini: "Mkuu, mimi ni mkuu wa idara, nafasi ijayo naomba tuijadili kabla." Sentensi moja, usiongeze ya pili. Lakini binti hakukuibia kitu. Alitumwa, akaenda. Na fikiria alivyo sasa hivi: Alhamisi atasimama mbele ya mtu aliyemwonyesha chumba cha kupanga. Nakuhakikishia anakuogopa kuliko unavyomwonea haya. Ukisingizia kliniki, atajua. Shule nzima itajua, na Kigoma mjini habari haina haja ya bando.

Nenda. Tena fanya hivi: Jumatatu au Jumanne mfuate mwenyewe, umwambie, "Mwalimu, nionyeshe huo muhtasari kabla ya Alhamisi." Mwite Mwalimu, usimwite binti yangu. Kaeni nusu saa. Utakuta muhtasari hauko kwa mada na mada ndogo kama ulivyozoea, umepangwa kwa umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za kujifunza. Yeye ataujua mpangilio, lakini sina hakika kama atajua la kufanya na mtoto ambaye urari wake, ile orodha ya kulinganisha jumla ya debiti na krediti, umegoma kwa shilingi 900. Wewe unajua: 900 inagawanyika kwa tisa, kwa hiyo kwanza unatafuta tarakimu zilizopishana, mtu kaandika 2,100 badala ya 1,200. Ujuzi huo hauko kwenye semina yoyote ya siku tatu. Mwambie Alhamisi ashike saa ya kwanza, akuachie nusu saa ya mwisho kwa ajili ya mwalimu wa Historia na yule "daktari" wake. MEWAKA ni mafunzo endelevu ya walimu kazini, ndiyo maana yakawekwa shuleni, wenzako wakiwa ndio darasa lako nawe ukiwa darasa lao. Hayakuwekwa ili mmoja awasomee wengine slaidi.

Na huyo wa Historia usimcheke tena stafu. Utamhitaji. Watoto walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita 2027, pamoja na la saba wa mtaala wa zamani, na Januari 2028 wote wanagonga mlango wa kidato cha kwanza. Kama mikondo minne leo imefurika, hesabu mwenyewe.

Umeuliza uanzie wapi bila hela. Taasisi ya Elimu Tanzania wanayo maktaba mtandao, mitaala na vitabu unavisoma bure. Siku ukiwa mahali penye intaneti ya uhakika, pakua muhtasari mara moja, ubaki kwenye simu, usiwe unaufungua upya kila siku ukala bando. Baada ya hapo weka tarehe moja kwa mwaka: wiki ya kwanza ya Julai. Sheria ya Fedha mpya huanza kutumika Julai 1, na humo ndimo viwango vinamobadilika. Nenda ofisi ya TRA hapo mjini ukaombe jedwali la kodi la mwaka huo. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mwaka, na haina posho, samahani.

Jedwali hilo lenyewe ni somo. Chukua viwango vya mwaka 2019 vya mfanyabiashara mdogo. Mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu alilipa 100,000 moja kwa moja. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Mama mwenye mauzo ya milioni 6 na daftari safi: 60,000. Jirani yake wa meza ya pili, mauzo yale yale, hana daftari: 100,000. Angalia kwanza kama viwango bado ni hivyo hivyo, kisha waandikie watoto hesabu hiyo ubaoni bila kusema neno. Miaka yote tulikuwa tukiwaambia "utunzaji wa kumbukumbu una umuhimu ufuatao" na kuorodhesha vipengele sita wavikariri. Shilingi 40,000 inasema haraka zaidi.

Na bwana Juma wako na mashine yake ya chapa mstaafishe kwa heshima. Uko Kigoma, mwisho wa reli, una ziwa mlangoni, una mawese, una mpaka wa Burundi, una maboti ya Kongo. Mtaala unataka mtoto aonyeshe anachoweza kufanya, na wewe unaishi ndani ya zoezi! Wapeleke Kibirizi asubuhi moja, kumi kumi kama hawatoshi wote, wakaulize bei tu na kuandika.

Nikupe moja niliyoipenda sana nilipokuwa nafundisha, wewe utabadilisha namba ziendane na bei za leo. Mama kanunua dagaa wabichi kilo 100 kwa 4,000 kila kilo. Kalipa 20,000 ya kuanika na kugeuza. Wakikauka wanabaki kilo 30. Anauza 13,000 kwa kilo. Amepata faida gani? Darasa zima litapiga kelele: elfu tisa kila kilo! Waache wafurahi. Kisha waulize, kilo ngapi alizonazo za kuuza? Hapo utaona kalamu zinaanza kusita. Gharama yote ni 420,000, ukigawa kwa kilo 30 ni 14,000. Mama anapoteza 1,000 kwa kila kilo na anarudi nyumbani anahesabu noti akidhani siku imekuwa njema. Na bado hujawaingizia mvua iliyonyesha dagaa wakiwa mchangani, wala siku za mbalamwezi ambapo wavuvi hawaingii ziwani na pesa haiingii nyumbani ila ada inadaiwa. Ukitaka hatari ya biashara, unao mwaka 2024: ziwa lilifungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Waulize wanafunzi nani kwao alikuwa ameweka akiba, nani alihamia mawese, nani alikopa na kwa riba gani. Hutahitaji kitabu, utahitaji kipindi cha pili. Ila wengine wana habari chungu za miezi ile, kwa hiyo waache waandike bila majina.

Zoezi hilo moja limebeba gharama, bei, faida, hasara, akiba na mkopo, na mwalimu wa Historia anaweza kulifundisha bila kumwogopa "Dr" hata kidogo. Bukukipingi yenyewe utaiingiza baadaye, watoto wakiwa tayari wana kiu nayo.

Limebaki moja tu, na usilifanye mpaka baada ya Alhamisi. Mwite yule kijana. Asiwe ofisini, wataanza kumuuliza amefanya kosa gani. Mwite mbele ya darasa lile lile ulilomjibia, umpe chaki, umwambie swali lake la siku ile lina jibu na leo mtalifanya pamoja. Mwache aandike akaunti ya simu ya mama yake ubaoni, upande wa kushoto, upande wa kulia. Akikosea, msahihishe kama unavyosahihisha siku zote.

Zoezi la dagaa ukishaliweka kwa bei za sasa hivi, nitumie nakala. Nina mjukuu kidato cha pili, na mwalimu wao bado yuko na bwana Juma.

Shangazi yako